Vinyweleo vya Mizizi: Kiunzi Kidogo Ndani ya Seli Kinachoamua Kama Zao Lako Litashiba

Somo la leo linashuka chini ya udongo, tena linaingia mpaka ndani ya seli moja ya mzizi. Usiogope. Hakuna hesabu ngumu, na mwisho wa somo kuna mambo ya kufanya shambani.

Tuanze na tatizo. Mahindi yamefikisha wiki tatu, majani yanageuka rangi ya zambarau na mmea umedumaa. Wengi tukiona hivyo tunasema "fosforasi hakuna", tunakimbilia dukani kuongeza DAP. Mara nyingine ni kweli kabisa. Lakini kuna mashamba ambayo mbolea ipo pale pale kwenye shimo, ila mmea hauna cha kuichukulia. Ukiung'oa unakuta mizizi mifupi, minene, ncha zimevimba kama rungu. Hapo hata umwage mfuko mzima, mmea utaendelea kushinda njaa mbele ya sahani iliyojaa. Ili ujue kwa nini, ni lazima uelewe kinyweleo cha mzizi kinavyoota.

KINYWELEO NI NINI?

Chukua mche wa hindi ulioota juzi, uoshe taratibu. Nyuma kidogo ya ncha ya mzizi utaona manyoya meupe laini. Hayo ndiyo vinyweleo. Watu wengi wanadhani kinyweleo ni mzizi mdogo. Sivyo. Kila kinyweleo ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi, iliyojichomoza kwenda nje kama kidole. Upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita, na urefu wake kwa kawaida hauzidi milimita moja au zaidi kidogo.

Ni vidogo, lakini idadi yake inashangaza. Mwaka 1937 mtafiti wa Marekani, Howard Dittmer, alichapisha hesabu ya mmea mmoja wa rai, nafaka ya nchi za baridi ambayo ni ndugu wa ngano. Mmea ulikaa miezi minne kwenye sanduku la udongo. Akakadiria vinyweleo karibu bilioni 14. Ukiviunganisha kimoja baada ya kingine, urefu unazidi kilomita 10,000. Hiyo ni zaidi ya safari nne za Dar es Salaam hadi Mwanza, kwenda na kurudi, kwa mmea mmoja!

Kwa nini mmea unajisumbua hivyo? Jibu kubwa ni fosforasi. Naitrojeni ya naitreti husafiri na maji mpaka kwenye mzizi. Fosforasi hushikwa na udongo, inasogea kwa shida sana. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita moja au mbili kandokando yake, panabaki patupu. Kinyweleo ndicho mkono unaonyooka kuvuka hapo patupu. Kikikosekana, fosforasi iliyo umbali wa unene wa shilingi iko mbali kama iko shamba la jirani.

NDANI YA SELI KUNA KIUNZI

Tukisema seli, wengi tunawaza kifuko cha maji. Kumbe ndani kuna kiunzi kilichojengwa kwa protini. Kwa mmea, kiunzi hicho kina aina mbili za vifaa vya kuzingatia:

1. Nyuzi za aktini. Ni nyembamba sana, unene wake ni kama sehemu saba za milioni ya milimita. Zinasokotwa pamoja kuwa kamba, na kamba hizo ndizo barabara za kubebea mizigo ndani ya seli.

2. Mirija ya tubulini. Hii ni minene zaidi, kama sehemu 25 za milioni ya milimita, na ina uwazi katikati kama mrija wa soda. Inaelekeza seli ikue upande gani, na seli ikigawanyika, mirija hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha kromosomu.

Neno kiunzi lisikupoteze ukadhani ni kitu kilichokaa kama boriti za nyumba. Kinajengwa na kubomolewa kila wakati: protini zinaongezwa upande mmoja, zinaondolewa upande mwingine, ndani ya dakika chache. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake, kama tutakavyoona tukifika kwenye dawa za magugu.

KINYWELEO KINAVYOCHOMOZA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali. Kabla hujaona chochote kwa nje, protini ndogo ziitwazo ROP zinakusanyika sehemu moja ya utando wa seli. Ni kama fundi anapopiga alama ukutani kabla ya kutoboa. Pale penye alama, ukuta wa seli unalainishwa.

Hatua ya pili: uvimbe. Seli ya mmea imejaa maji yanayosukuma kwa nguvu. Kwenye vinyweleo vya Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara ambao ni ndugu wa kabichi na haradali, msukumo huo umepimwa ukawa mara tatu hivi ya upepo wa tairi la gari dogo. Sasa fikiria tyubu ya baiskeli yenye sehemu iliyochakaa. Ukijaza upepo, uvimbe unatokea wapi? Pale palipochakaa. Kinyweleo kinaanza hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: kurefuka. Hapa ndio penye utamu wa somo. Tyubu ya baiskeli ikiendelea kuvimba inapasuka. Kinyweleo hakipasuki, na wala hakiwi puto. Kinanyooka kama kidole kwa sababu ukuta mpya unajengwa nchani peke yake. Vifuko vidogo vilivyobeba malighafi ya ukuta vinasafirishwa kwenye barabara za aktini, vikikokotwa na protini iitwayo miosini. Vikikaribia ncha, barabara zinageuka kuwa nyuzi nyembamba nyembamba, na hapo vifuko vinashusha mzigo na kuungana na utando. Ndani ya kinyweleo mzunguko hausimami: mizigo inapanda kandokando, inarudi katikati. Wakati huo huo kalsiamu inaingia kwa wingi nchani na kuonyesha njia. Watafiti wakiihamishia kalsiamu pembeni, ncha nayo inageukia huko.

Mirija ya tubulini kazi yake ni kulinda mwelekeo. Imelala kufuata urefu wa kinyweleo, na inahakikisha kinasonga mbele kwa njia moja, na ncha ni moja.

Kwa Arabidopsis kasi yake ni kama elfu moja hadi mbili za milimita kwa dakika. Unaona ni kidogo? Kwa kasi ya chini kabisa hiyo, nusu milimita inakamilika kwa saa nane hivi. Unalala jioni, unaamka mmea umeshanyoosha mikono mipya.

Hatua ya nne: kusimama. Kamba za aktini zinafika mpaka nchani kabisa, kifuko kikubwa cha maji kinasogea mbele kujaza nafasi, na ujenzi unakwisha. Kinyweleo kilichosimama hakianzi tena, na kikikatika hakioti upya pale pale. Vipya vinatoka kwenye sehemu changa tu, nyuma ya ncha ya mzizi inayoendelea kukua. Liweke akilini hilo, tutalihitaji kwenye miche.

Kwa ufupi: MAJI YANASUKUMA, KIUNZI KINAONGOZA. Kwa wanyama ni tofauti kidogo. Chembe nyeupe ya damu yako haina ukuta mgumu, kwa hiyo ikitaka kunyoosha mguu kumfuata mdudu wa ugonjwa, nyuzi za aktini zenyewe zinaota na kuusukuma utando kwenda mbele. Vifaa ni vya ukoo mmoja, ila mmea unavitumia kuelekeza msukumo wa maji.

TUNAJUAJE?

Njia rahisi ya kujua kazi ya kitu ni kukiondoa uone kinachoharibika. Wataalamu walipotumia kemikali zinazovunja aktini, vinyweleo viliacha kurefuka. Maji yapo, msukumo upo, lakini mizigo haifiki nchani. Mwaka 2002 ilionekana pia kwamba Arabidopsis yenye hitilafu kwenye jeni mojawapo ya aktini inatoa vinyweleo vifupi au vyenye maumbo ya ajabu.

Mirija ya tubulini ikajaribiwa pia, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Walipotumia kemikali iitwayo orizalini, vinyweleo viliendelea kukua lakini vikawa kama vimelewa: vinapinda huku na huku, na baadhi vikatoa ncha zaidi ya moja. Yaani injini inaunguruma, usukani haupo.

Shika jina hilo la orizalini. Ni ndugu wa pendimethalini, dawa ya magugu inayouzwa kwenye maduka yetu ya pembejeo.

DAWA YA MAGUGU INAYOVUNJA KIUNZI

Soma lebo za dawa za magugu zinazopigwa kabla magugu hayajaota. Ukikuta kiambato pendimethalini au trifluralini, hizo ni za ukoo mmoja. Zinashikamana na tubulini ya mmea, mirija inashindwa kujengwa. Mbegu ya gugu inapoanza kuota, seli za ncha ya mzizi haziwezi kugawanyika sawasawa, na zinavimba kila upande badala ya kurefuka. Ndiyo ile ncha ya rungu. Kazi ya dawa ni hiyo, na kwa gugu tunashukuru.

Sasa hindi lako linaponaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kukaa chini zaidi. Pendimethalini haishuki kirahisi, inabaki kwenye tabaka la juu la udongo. Mbegu iliyozikwa kwenye kina cha sentimita nne au zaidi na kufukiwa vizuri inaotesha mizizi chini ya dawa. Iliyopandwa juu juu, au kwenye shimo lililoachwa wazi, inaoga dawa moja kwa moja. Hatari inaongezeka kwenye udongo wa kichanga, mvua kubwa ikinyesha baada ya kupiga, au pale mpigaji alipopita mara mbili na bomba. Mtama na ulezi huumia kirahisi zaidi, maana mbegu zake ni ndogo na hupandwa juu juu.

Jambo lingine: magugu nayo yanajifunza. Eleusine indica ni nyasi inayosumbua mashamba mengi, tena ni ndugu wa karibu wa ulezi. Mwaka 1998 wanasayansi walionyesha kwamba nyasi hiyo iliyokuwa haisikii dawa za ukoo huu ilikuwa imebadilika kiungo kimoja tu kwenye protini yake ya tubulini. Kimoja! Dawa ikakosa pa kushika. Ndiyo maana tunawaambia msipige dawa ya ukoo mmoja kila msimu. Changanya njia: palizi, kilimo mzunguko, na dawa zinazofanya kazi kwa namna nyingine.

Wafugaji nao wamo. Albendazole unayomnywesha mbuzi inashika tubulini ya minyoo, na kabendazimu inayopigwa kwa ukungu inashika tubulini ya fangasi. Shabaha ni ya aina moja, viumbe ni tofauti. Somo ni lile lile: ukirudia dawa moja bila mpango, usugu unakuja.

UDONGO WENYE TINDIKALI

Dawa siyo adui peke yake. Udongo ukiwa na pH chini ya 5.5 hivi, aluminiamu inaanza kuyeyuka na kushambulia ncha za mizizi. Kwenye mahindi imeonekana kwamba inavuruga aktini pamoja na mirija ya tubulini, na mzizi unaweza kupunguza kasi ndani ya saa chache. Mizizi inakuwa mifupi, minene, ya kahawia, na vinyweleo ni haba.

Ubaya unakuja mara mbili: udongo huo huo unaishika fosforasi kwa nguvu zaidi, na mkono wa kuifuata umekatwa. Ndiyo maana kuweka DAP bila kurekebisha tindikali ni kama kumwekea chakula mtu aliyefungwa mikono. Pima udongo kwanza. Hapa Tanzania kuna kituo cha TARI Mlingano kule Tanga na maabara ya SUA Morogoro, au muulize afisa ugani wa kata yako. Majibu yakisema chokaa, weka chokaa kwa kipimo ulichopewa.

MAHARAGE: MGENI ANAYEPINDUA KIUNZI

Siyo kila anayegusa kiunzi ni adui. Jamii ya kunde wana rafiki, bakteria aina ya raizobiamu. Mzizi unatoa harufu ya kemikali yake, bakteria anajibu kwa kemikali yake, na kinyweleo kikiisikia, nyuzi za aktini zinajipanga upya. Ncha iliyokuwa inakwenda mbele inajikunja kama ndoana na kumzingira bakteria. Kisha unajengwa mfereji mwembamba unaorudi ndani, bakteria anapita humo mpaka kwenye mzizi, na kinundu kinaundwa. Kipasue kinundu: kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinatengeneza naitrojeni.

Kwa hiyo kwenye maharage na soya, kinyweleo ni mkono na pia ni mlango. Kikiharibika, unapoteza fosforasi na naitrojeni kwa pamoja.

Habari njema ni kwamba urefu wa vinyweleo hurithiwa. Utafiti wa maharage uliofanyika Msumbiji kwenye udongo wenye fosforasi kidogo ulionyesha kwamba aina zenye vinyweleo virefu zilistawi zaidi, na zile zilizounganisha vinyweleo virefu na mizizi inayotambaa juu juu zilipata faida kubwa kuliko jumla ya sifa hizo mbili zikiwa mbalimbali.

YA KUFANYA SHAMBANI

1. Ng'oa kabla ya kununua. Mmea ukidumaa, chimba kwa jembe pande zote, utoe na udongo wake, uoshe kwenye ndoo. Linganisha na mmea mzuri wa shamba hilo hilo.

2. Tofautisha dalili. Ncha za rungu mara baada ya kuota, hasa kwa mistari alipopita mpigaji: shuku dawa. Mizizi mifupi ya kahawia kwa eneo kubwa, msimu hadi msimu: shuku tindikali. Vivimbe vilivyotapakaa kwenye urefu wa mzizi: shuku minyoofundo. Usivichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo vinabanduka kwa kidole.

3. Panda kwa kina, fukia vizuri. Kama umepiga au utapiga pendimethalini kwenye mahindi, usikubali mbegu ibaki juu. Soma lebo, pima kipimo, usirudie mstari.

4. Hamisha mche na udongo wake. Ukiung'oa mche wa nyanya au kabichi ukiwa mkavu, vinyweleo vinabaki kitaluni. Mche hunyauka mpaka mizizi mipya itoe vinyweleo vingine. Mwagilia kitalu kwanza, toa mche na bonge la udongo, hamisha jioni.

5. Weka mbolea ya fosforasi karibu na mbegu bila kugusana, ili vinyweleo vya kwanza viikute mapema.

JARIBIO LA NYUMBANI

Chukua vikopo viwili. Kimoja weka udongo wa shamba unalolishuku, kingine udongo wa sehemu ambayo haijawahi kupigwa dawa lakini inafanana. Panda mbegu kumi za mtama au mahindi kila kimoja, mwagilia sawa, weka pamoja. Baada ya siku kumi osha mizizi ulinganishe. Kama kopo la kwanza lina mizizi ya rungu na la pili limenyooka, umepata jibu kwa gharama ya mbegu ishirini.

Ukitaka kuviona vinyweleo vyenyewe, otesha mbegu za sukuma wiki kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa. Siku ya tatu hivi utaona manyoya meupe. Usiseme ni ukungu ukatupa! Ukungu unatambaa popote, mpaka juu ya mbegu. Vinyweleo vimezunguka mzizi vizuri, na ncha yenyewe haina kitu. Fungua kifuniko upulize kidogo: vinasinyaa upesi. Hapo utaelewa kwa nini mzizi haupaswi kuachwa juani hata kwa dakika tano.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kinyweleo cha mzizi kina seli ngapi? (Moja.)
2. Nini kinasukuma kinyweleo kirefuke, na nini kinaelekeza? (Msukumo wa maji, kiunzi cha aktini na tubulini.)
3. Kwa nini mbegu ya hindi ifukiwe vizuri ukitumia pendimethalini? (Ili mizizi iote chini ya tabaka lenye dawa.)
4. Kinyweleo kilichokatika kinaota tena pale pale? (Hapana. Vipya vinatoka sehemu changa ya mzizi.)

Wiki hii, kabla hujatoa hela ya mfuko mwingine wa mbolea, ng'oa mmea mmoja uliodumaa na mmoja uliostawi, uvioshe, uangalie ncha. Majani yanakwambia mmea una njaa. Mizizi ndiyo itakayokwambia kama una mikono ya kula.